Ahadi na Shahidi Wake

Ahadi ni deni. Wahenga waliposema hivyo walifikiri juu ya ahadi ya mtu kwa mtu, yenye mwenye kudai na mwenye kudaiwa, wote wawili wana masikio ya kusikia na nyoyo za kuhurumia. Ahadi ya namna hiyo, hata iandikwe mbele ya hakimu, haikosi nafasi ya kurekebishwa. Maneno yake yakiwa na kosa, waliofungana huketi wakaulizana walikusudia nini. Wakishindwa kupatana huenda kwa wazee au mahakamani, na hukumu hulitafuta kusudi lililofichwa na kalamu mbovu. Kwa sababu hiyo makosa mengi ya mikataba yetu hayakutuangamiza. Kalamu ilikosea, lakini baina ya kalamu na tendo alisimama binadamu, akaliona kosa, akauzuia mkono.

Siku hizi imezaliwa ahadi ya namna nyingine. Mtaalamu wa kompyuta, Nick Szabo, aliieleza katika miaka ya 1990, akaifananisha na mashine ya kuuzia vitu: mtu hutia sarafu, mashine hutoa bidhaa, wala hapana mwuzaji wa kubembelezwa wala wa kulaghaiwa. Mwaka 2015 mtandao uitwao Ethereum ulifunguliwa, na ahadi hizo zikapata makao. Huandikwa kwa lugha ya kompyuta, aghalabu lugha iitwayo Solidity. Huwekwa katika daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, na masharti yake yakitimia hujitekeleza zenyewe. Kwa Kiswahili tunaziita mikataba mahiri. Mkataba mahiri ukisema mali itoke, hutoka, pasipo karani wa kuuliza tena. Na yaliyokwisha andikwa katika daftari hilo kwa kawaida hayafutiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Insha hii yauliza swali moja. Mtu aandikaye ahadi ambayo haitasikia shauri la yeyote baada yake, anawiwa nini na wale watakaofungwa nayo? Jibu langu ni kwamba anawiwa shahidi. Yampasa aweke ndani ya ahadi yenyewe maneno yatakayosema wazi ni jambo gani lazima liwe kweli daima, na yatakayoisimamisha ahadi pale jambo hilo linapokuwa uwongo. Maneno hayo watunzi wa programu huyaita kauli za uthibitisho.

Yamkini msomaji atadhani haya ni mambo ya nchi za mbali. Sivyo. Mwaka 2021 kampuni ya ACRE Africa ya Kenya, ikishirikiana na Etherisc, iliwalipa wakulima wa Kenya fidia za bima ya mazao kwa njia ya mikataba mahiri na simu za mkononi. Mkulima wa mahindi na mbaazi wa hapa Sigino, katika Mji wa Babati, hana tofauti kubwa na mkulima wa ng'ambo ya mpaka: wote wawili wanaitazama mbingu ile ile kwa hofu ile ile. Insha hii haimwiti mtu kwenye biashara ya sarafu za mitandaoni, ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari juu yake mwezi wa Novemba 2019. Lakini ahadi zinazojitekeleza zimekwisha kufika kwa majirani zetu, na ni busara kuzipima kabla hazijabisha hodi.

Kabla ya kuingia katika lugha ya mashine, na tutazame jambo lililo machoni petu. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu huweka akiba na kukopeshana katika vikundi vidogo. Mtindo mmoja wa vikundi hivyo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika. Kwetu wako pia ndugu zake waitwao vikoba, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne la watoaji wa huduma hizo. Chombo chao kikuu ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu, na mwenye kulitunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Kila mtu asiyewahi kuingia katika kikundi huzistaajabia kufuli, akadhani kuwa hapo ndipo ulinzi wote ulipo.

Lakini utaratibu wa vikundi hivyo una ulinzi wa pili usioonekana. Mwisho wa mkutano fedha huhesabiwa mbele ya wote, kiasi chake hutamkwa kwa sauti, na wanachama huambiwa wakiweke moyoni. Mkutano ufuatao, kabla ya shughuli yoyote, wanachama huulizwa: tuliacha kiasi gani? Wakishajibu, fedha huhesabiwa tena. Hesabu ikilingana na kumbukumbu, mkutano huendelea. Isipolingana, hapana hisa itakayonunuliwa wala mkopo utakaotolewa mpaka sababu ijulikane.

Ulinzi huu wa pili ni mbali kabisa na ule wa kwanza. Kufuli humwuliza mtu: wewe ni nani, nawe una haki gani ya kufungua? Kumbukumbu haimwulizi mtu. Huliuliza sanduku lenyewe: je, wewe ni lile lile tuliloliacha? Kufuli zinamshuku mgeni, na kumbukumbu inakishuku kikundi chenyewe. Inakubali kuwa hata watu waaminifu, waliokutana kwa nia njema, huweza kukosea katika kujumlisha, na kuwa kosa la mwaminifu hupunguza mali sawa na wizi wa mwizi.

Lugha ya Solidity ina amri mbili zinazofanana na walinzi hawa wawili. Ya kwanza tuiite sharti. Hukaa mlangoni na kumpima ajaye: je, huyu anayeomba kutoa fedha ndiye mwenyewe? Je, anazo za kutosha? Sharti lisipotimia, ombi hukataliwa, na kosa ni la mwombaji. Ya pili ndiyo uthibitisho. Hii hukaa ndani na kuupima mkataba: je, baada ya kazi hii jumla ya mali ni ile inayopasa kuwa? Mkataba ulioandikwa vyema hauwezi kamwe kushindwa katika jambo hili. Ukishindwa, kosa si la mwombaji; ni la mwandishi. Hapo kazi yote iliyokuwa ikitendeka hurudishwa nyuma, kama kwamba haikutendeka. Wepesi wetu sote ni katika amri ya kwanza. Kuwawekea wengine masharti hakutuumizi. Kuiwekea kazi yetu wenyewe shahidi ndiko kugumu.

Mfano mmoja utaonyesha gharama ya kuridhika na mlinzi wa mlango peke yake. Mwezi wa Aprili 2018 iliharibika sarafu moja iliyokuwa ikiitwa Beauty Chain. Mkataba wake ulikuwa na kazi ya kutuma sarafu kwa watu wengi kwa pamoja. Ulizidisha idadi ya wapokeaji kwa kiasi cha kila mmoja, ukapata jumla, kisha ukauliza kwa makini: je, mtumaji anayo jumla hii? Sharti lilikuwapo, nalo lilifanya kazi yake. Lakini namba katika kompyuta hukaa katika chombo chenye mwisho. Ikipita mwisho wake huanza tena sifuri, mfano wa mita ya kilomita katika gari kuukuu. Mtu mmoja aliomba kuwatumia wapokeaji wawili, kila mmoja nusu kamili ya ukubwa wa chombo. Mbili mara nusu ni chombo kizima, na chombo kizima husomeka sifuri. Mlinzi wa mlango akauliza: je, mtumaji anazo sarafu sifuri? Bila shaka anazo. Mlango ukafunguliwa, na wapokeaji wawili wakaondoka na sarafu nyingi zisizokuwapo duniani kabla ya siku hiyo.

Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kuhakiki kuzidisha kwa kugawanya. Kama mkataba ule ungaliambiwa kwa kauli moja kwamba jumla, ikigawanywa kwa idadi ya wapokeaji, lazima ilete tena kiasi cha kila mmoja, kazi ingalisimama papo hapo, kwa maana sifuri ikigawanywa kwa mbili haileti ila sifuri. Tena linalotia uchungu ni hili: katika mistari mingine ya kazi ile ile mwandishi alitumia hesabu zenye uthibitisho ndani yake. Ni mstari mmoja tu ulioachwa bila shahidi. Hakuwa mjinga wala hakuwa mwovu. Aliamini mstari wake kwa sababu ulikuwa mfupi. Tangu Desemba 2020, lugha ya Solidity katika toleo lake la 0.8.0 hulihakiki jambo hilo yenyewe. Sheria imekuja baada ya msiba, kama zilivyo sheria nyingi.

Miaka miwili kabla ya hapo ulikuwapo msiba mkubwa zaidi. Mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO ulikusanya mali ya watu wengi katika mkataba mmoja wa Ethereum. Tarehe 17 Juni 2016 mtu aliyeujua udhaifu wake alitoa ether zipatazo milioni 3.6. Mkataba ule ulikuwa ukitoa fedha kwanza na kupunguza hesabu ya mtoaji baadaye. Naye, kabla hesabu haijapunguzwa, aliomba tena, na tena. Ni mfano wa mweka hazina anayelipa kabla ya kuandika, akiwa amezungukwa na mtu mwenye mikono mia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwapo, lakini halikuulizwa kama linaafikiana na sanduku. Tarehe 20 Julai 2016 wengi katika mtandao ule walikubaliana kuubadili mwendo wa daftari ili mali irudi. Wachache walikataa, wakisema ahadi ni ahadi, wakaendelea na daftari la zamani liitwalo Ethereum Classic hata leo. Basi ahadi iliyojigamba kuwa haihitaji hukumu ya binadamu iliishia katika hukumu ya binadamu, nayo ikawagawanya ndugu. Hukumu haikwepeki, ama tunaitoa mapema kwa utulivu, ama tunaitoa baadaye kwa ugomvi.

Yako mapingamizi matatu ambayo yafaa kujibiwa.

La kwanza ni la kiburi. Husemwa kuwa fundi hodari hana haja ya kuishuku kazi yake, na kuwa kujaza uthibitisho ni dalili ya woga. Wenye kusema hivi wamesahau kuwa nyani haoni kundule. Mtu asomaye maandishi yake mwenyewe husoma alichokusudia, si alichoandika. Lakini je, asiyeliona kosa lake atawezaje kuliandikia kauli? Ataweza, kwa sababu kauli ya uthibitisho haitaji kosa lolote. Hutaja mwisho unaotakiwa, ilhali mistari mingine hutaja njia ya kufika. Njia na mwisho ni mambo mawili yanayofikiriwa kwa akili mbili. Kosa lililojificha katika njia hufichuka njia inapofika mahali pasipokuwa mwisho uliotajwa.

La pili ni la ubahili. Katika Ethereum kila amri hulipiwa ada, na uthibitisho ni amri. Kwa hiyo husemwa kuwa utumike wakati wa majaribio, kisha uondolewe. Mtaalamu wa Uingereza, Tony Hoare, alikwisha kulijibu jambo hili mwaka 1973, akiwafananisha watu hao na baharia anayevaa jaketi la kuokolea akiwa anajifunza nchi kavu, na kulivua mara aingiapo baharini. Wasomaji wa pwani hawahitaji maelezo zaidi. Hata hivyo ni haki kukubali kuwa gharama ni gharama, na kuwa anayeilipa mara nyingi ni mtumiaji mnyonge. Ndiyo maana kauli zinapasa kuwa chache na zenye uzito. Kikundi hakihesabu kila shilingi kila dakika. Huhesabu mwanzo na mwisho wa mkutano.

La tatu ni zito kuliko yote: kusimama nako hudhuru. Mwezi wa Aprili 2022 mkataba wa mnada ulioitwa Akutars ulifunga ndani yake zaidi ya ether 11,500, zenye thamani ya dola za Marekani milioni 34 hivi wakati huo, wala hazikuweza kutoka tena. Aliyezifunga hakuwa mwizi. Zilifungwa na sharti la tahadhari. Mkataba ulisema wenyewe wasichukue fedha mpaka wanunuzi wote wamerudishiwa haki yao, na kusudi hilo lilikuwa jema. Lakini upande mmoja ulihesabu watu waliokwisha kurudishiwa, na upande wa pili ulihesabu vitu vilivyoombwa mnadani. Mtu mmoja aliweza kuomba vitu kadhaa. Basi idadi ya watu isingefikia kamwe idadi ya vitu, na mlango haukufunguka.

Pingamizi hili halitangui hoja yangu. Linaifanya iwe kali zaidi, kwa kuwa linatukumbusha kuwa hata hilo lililowekwa kulinda ni neno la binadamu, nalo huweza kukosea. Shahidi wa uwongo ni mbaya kuliko kukosa shahidi. Sasa na tuulize ni nani angaliweza kulitambua kosa la Akutars. Hebu litafsiriwe kwa lugha ya kikundi cha akiba, ambamo mwanachama mmoja huweza kununua hisa moja mpaka tano kwa mkutano: hatutagawana mpaka idadi ya wanachama iwe sawa na idadi ya hisa. Mwanachama yeyote hapa Sigino, hata asiyejua kusoma, angaliinua mkono na kusema jambo hilo halitatokea kamwe, kwa maana yeye peke yake ana hisa tatu. Kosa lililogharimu mamilioni lilikuwa wazi kwa macho ya mtu wa kawaida. Lilijificha kwa sababu liliandikwa katika lugha asiyoijua, na kwa sababu hapana aliyemwambia.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo hili. Tarehe 24 Juni 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge, Alan Turing alisoma makala fupi juu ya kuhakiki programu kubwa. Alitoa mfano wa mtu anayejumlisha namba nyingi. Akiandika jibu peke yake, mhakiki hana budi kuirudia kazi yote. Akiandika pia jumla ya kila safu, mhakiki ataweza kuitazama kila safu peke yake. Vivyo hivyo, alisema, mtunzi wa programu atoe kauli za wazi katika kazi yake, ili kila moja iweze kuhakikiwa. Yafaa tuone kuwa katika mfano huo wako watu wawili. Tangu siku za mwanzo kauli ya uthibitisho haikuwa siri baina ya fundi na mashine. Ni neno ambalo fundi humwambia mwenziwe: hivi ndivyo ninavyodai, nihukumu.

Basi mwenziwe huyo ni nani, pale ahadi inapofunga akiba ya wakulima na wachuuzi? Sioni kuwa yatosha awe fundi mwingine. Mwenye mali ndiye anayejua kuliko wote ni jambo gani lisilopasa kutokea. Hajui lugha ya Solidity, lakini anajua kuwa fedha zilizotoka haziwezi kuzidi zilizoingia. Kuwa jumla ya hisa za wote ni hisa zilizouzwa, si zaidi. Kuwa mkopo uliolipwa haudaiwi tena. Kuwa atakayefariki, haki yake huenda kwa warithi wake, wala haipotelei sandukuni. Hizo ni kauli za uthibitisho zilizokamilika, zimesemwa kwa Kiswahili safi. Kazi ya fundi ni kuzipeleka katika lugha ya mashine pasipo kuzipunguza, na zile ambazo mashine haiwezi kuzibeba aseme wazi kuwa haziwezi kubebwa. Ninadai kuwa hii ni haki ya mwenye mali, si hisani ya fundi. Mtu huweza kufungwa na mkataba asioweza kuusoma. Ndivyo tunavyoishi kwa benki na kwa kampuni za simu. Lakini hastahili kufungwa na mkataba ambao hakuulizwa ni nini kisichopasa kutokea ndani yake.

Inabaki mipaka ya jambo hili, nayo yafaa isemwe wazi ili tusiuze dawa moja kwa maradhi yote. Turudi kwa mkulima na bima yake. Mkataba mahiri huweza kuthibitisha kuwa fidia zilizolipwa hazikuzidi mfuko, na kuwa hapana aliyelipwa mara mbili. Hauwezi kuthibitisha kuwa mvua haikunyesha katika shamba la fulani. Habari za mvua huletewa kutoka nje, kwa vyombo vilivyoko angani au vituo vya kupimia, na yamkini wingu likanyeshea kituo na kuliacha shamba lililo nyuma ya kilima. Hesabu itakuwa sahihi, shahidi ataridhika, na mkulima atakosa haki yake. Kushuhudia hesabu si kushuhudia haki. Kwa hiyo kauli zote zikiisha kuandikwa, bado lazima abaki mtu mwenye jina na anwani, atakayepokea malalamiko ambayo mashine haina sikio la kuyasikia.

Wanafunzi wetu wengi watakuwa watunzi wa programu, na wengine watakaa katika ofisi zitakazopokea mikataba hii na kuipeleka vijijini. Ningependa kila mmoja wao akumbuke utaratibu mmoja mwepesi. Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo kuandikwa, wenye mali wakusanyike na waulizwe, kwa lugha yao, ni mambo gani wasiyoyakubali yatokee. Majibu yaandikwe na kusomwa tena kwa sauti mpaka wote wayakiri. Ndipo msimbo uandikwe, na kila jibu liwe na kauli yake ndani yake, na siku kauli moja itakapoushika mkataba katika uwongo, wenye mali waitwe kwanza, kabla ya fundi. Wataliona sanduku limesimama, wataudhika kwa kucheleweshwa, na wataikuta akiba yao yote imo.